Mwanamke Aliyeonja Bwawa

Kwa Spéciose hukupata pombe kabla yeye hajainywa. Hata kama umetoka mjini kwa miguu na koo limekauka kama ngozi ya ngoma, ungesubiri tu. Alimimina, akakiinamia kikombe, akapiga funda moja la haki, si lile la kugusisha mdomo kwa adabu, akajipangusa kwa mgongo wa mkono, ndipo akakupa kwa mikono miwili. Katika milima ile anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele ya macho yako, ujue hakina sumu, na ukishaonjewa hukatai. Kukataa kikombe kilichoonjwa ni kumwambia mwenzako hadharani kwamba unamwona mchawi. Wenye midomo yao walisema Spéciose alionja mno, na kwamba ndiyo maana ilipofika jioni alicheka peke yake. Waache waseme. Mama wa watu alikuwa kazini tangu alfajiri.

Kibanda chake kilikuwa ukingoni mwa bwawa la Nyabuhoro, nyuma ya vilima vya Kinyinya, enzi hizo Kinyinya ikiwa mtama na migomba mitupu. Bwawa lilijengwa ili Kigali ipate maji. Ukuta wa mawe na udongo uliziba bonde, na bomba nene lilitoka chini yake kwenda mjini. Miezi ya mvua walikaa pale vyura na mume wake tu. Lakini kuanzia Juni, mji ukishajaa vumbi, kila Jumapili magari yalipanda: maofisa wa kambi ya Kanombe na wake zao, wakubwa wa wizara, Wazungu na mbao zao zenye matanga, vijana wa kwaya na magitaa. Waliogelea ng'ambo, nyuma ya mapipa mekundu yaliyofungwa kamba. Upande huu wa bomba hakuna aliyeruhusiwa kuchovya hata kidole cha mguu.

Sheria hiyo ilikuwa ya Cyriaque, mume wa Spéciose, mlinzi wa koki kuu. Alivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, kijana asiye na viatu, akikimbia mauaji ya kwao. Akabeba mawe wakati ukuta unajengwa, na ukuta ulipokwisha akabaki kuulinda. Alikuwa mwembamba, mkimya, mgumu kama kisiki. Kila asubuhi aliteka maji kwa kiganja akayanusa. Siku moja alimrudisha ofisa mzima, nyota zikimng'aa mabegani, kwa sababu mbwa wake aliogelea upande wa bomba. Miaka yote hiyo, watoto wa mlimani walizaliwa wakawa na ndevu, bado majirani walimwita Mrundi. Hawakuwa na ubaya. Angalau hawakuwa nao bado.

Spéciose yeye alikuwa mwenyeji. Alizaliwa juu kidogo ya bwawa, na usichana wake aliumalizia kuwauzia ndizi wajenzi wa ukuta. Cyriaque alinunua ndizi kila siku bila kusema neno, mpaka msichana akamuuliza mbele ya watu kama yeye ni mwanamume au tumbili. Wakaoana. Wakampata Christella, ambaye sasa alikuwa anasoma kwa masista, mbali. Mume alikuwa na sheria, mke alikuwa na mdomo, na ndoa yao ilikwenda vizuri kwa sababu kila mmoja alimwachia mwenzake eneo lake.

Mdomo huo ndio uliomponza. Mwisho wa kiangazi cha mwaka tisini, bwana mmoja wa wizara aitwaye Valens, mteja wa siku nyingi, alimwambia kwamba Jumapili atawaleta jamaa zake kusherehekea ubatizo wa mwanawe.

"Lakini Mama Christella, hizi brosheti za mbuzi za kwenye vijiti tumechoka. Siku hiyo nataka samaki. Wazima wazima, wa kukaanga. Iko shida?"

"Shida ya wapi, patron? Watapatikana!"

Alijibu kabla ya kufikiri, maana hapana ilikuwa haimtoki kwa mteja. Valens alipoondoka ndipo akakumbuka kwamba mchuuzi aliyeleta samaki kutoka ziwa Muhazi alikuwa hajaonekana wiki ile. Bwawani samaki walijaa tele, lakini Cyriaque hakuruhusu nyavu wala ndoana. Spéciose alizunguka na ahadi yake siku kadhaa kama kuku mwenye yai. Aibu ya kumwambia Valens kwamba hakuna samaki ilimuuma kuliko alivyoweza kuvumilia.

Kandokando ya shamba lake la viazi alikuwa amepanda utupa. Kila mtu pale aliupanda, kwa kuwa fuko, wale panya wanaokula viazi chini kwa chini, hawaupendi. Lakini wazee walijua kazi yake nyingine. Mama yake alikuwa akitwanga majani yake, akiyatia katika gunia na kulizamisha penye kijito kilichotulia. Samaki hulewa, huelea matumbo juu, ukawaokota kama viazi. Basi Jumamosi Cyriaque alipochukua baiskeli kwenda Sonatubes, penye kiwanda cha mabomba mjini, kutafuta grisi ya koki, Spéciose alitwanga. Alishuka kwenye matete upande wa bomba, upande ule ule wa marufuku, kwa sababu samaki wanene walikuwa huko ambako hakuna anayewasumbua. Alijaza makapu mawili. Aliona wengine wakizama gizani kwenye matope, akawaacha. Gunia akalizika.

"Samaki hizi zimetoka wapi?" Cyriaque aliuliza usiku.

"Muhazi, Baba Christella. Yule mchuuzi ameisha fika."

Aliamini. Jumapili alikula mmoja na ugali, akasifu. Wageni wa Valens walikula wakaramba vidole. Konseye wa sekta, yaani mkubwa wa serikali pale mlimani, Jean-Berchmans, ambaye hakualikwa lakini hakosi penye harufu ya mafuta, alikula watatu akaomba na kichwa cha wa nne. Spéciose alikuwa amevimba kwa furaha. Alipolala alijiambia kwamba kosa lisiloonekana si kosa kubwa.

Kesho yake redio ikasema nchi imevamiwa kutoka mpaka wa kaskazini.

Wiki ile ilikuwa mbaya. Magari hayakupanda tena. Usiku mmoja risasi zililia mjini hadi alfajiri, na asubuhi yake watu wakaanza kukamatwa kwa mafungu. Kila kinywa kikapata neno moja, ibyitso, yaani wale wa ndani wanaomfungulia adui mlango. Mtu mmoja karibu na Sonatubes alichukuliwa kwa sababu alikutwa na tochi chini ya kitanda. Waliopelekwa mjini hawakuwa wakirudi. Spéciose alipika, hakuja mteja, akala mwenyewe.

Na siku hiyo hiyo iliyofuata usiku wa risasi, Cyriaque alipoteremka kunusa maji yake, alikuta samaki. Walikuwa wameibuka kutoka matopeni, wamevimba, wameoza, weupe kama sabuni, wamejipanga mbele ya kichujio cha bomba. Hakuuliza mtu. Alizungusha gurudumu la koki mpaka mwisho, akaifunga Kigali, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: maji usiyoyaelewa usiyapeleke mjini. Kisha akamtuma jirani kwa konseye na ujumbe wa kweli kabisa, kwamba samaki wanakufa na hajui sababu.

Spéciose alisimama mlangoni mwa kibanda akaona ule weupe juu ya maji. Alijua papo hapo. Alikusudia kumwambia mumewe akija kunywa uji, amkaripie, amnunie mwezi mzima, yaishe. Uji ukapoa. Kabla Cyriaque hajapanda, lori la jeshi lilikuwa limefika.

Kambini Kanombe mabomba yalikuwa yamekauka. Koplo aliyeruka kutoka kwenye lori alikuwa na macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Nani anafungaka maji hapa? Kule kwetu hakuna ata tone! Bibi za askari na watoto iko na kiu, na vita iko mu inchi!"

"Ni mimi, mon caporal," Cyriaque alisema. "Samaki zinakufa. Maji ya namna hiyo siwezi kuituma mu muji."

"Zimekufa na nini?"

"Sijue."

Laiti angedanganya kidogo. Lakini Cyriaque hakujua kudanganya, na konseye Jean-Berchmans alikuwa ameshafika akihema, na nyuma yake vijana wenye marungu na nusu ya mlima.

"Hajue!" konseye akasema. "Funguo iko naye, nyumba iko hapa, hajue! Mon caporal, huyu ni mutu ya Burundi. Tangu lini mutu wa inje anachunga maji ya muji muzima?"

Neno sumu halijulikani lilitoka kwa nani. Liliruka tu kutoka kwa mtu hadi mtu: maji yametiwa sumu, Mrundi ametia sumu, Kigali yote ilikuwa ife leo. Wakamfunga Cyriaque viwiko nyuma, kamba ikamla ngozi. Wakamkalisha chini juani. Koplo akauliza ametumwa na nani. Alipojibu kwamba hakutumwa na mtu, kitako cha bunduki kikamwangukia begani. Akaulizwa tena. Akajibu vile vile.

Sema, Spéciose alijiambia. Alikuwa kando ya meko, mwiko mkononi. Sema sasa hivi. Lakini ulimi ule usiokuwa na breki, ulimi uliomwita mwanamume tumbili mbele ya wajenzi, ulikuwa umegandamana na kaakaa. Mtu atakayesema leo kwamba ametia kitu kwenye maji ya jiji hatapewa nafasi ya kumalizia sentensi. Aliogopa. Niliseme wazi: aliogopa kufa, na akatumaini watachoka, watamwachia mumewe na uvimbe tu. Kila kipigo alijiambia ndicho cha mwisho. Jua likapanda mpaka likasimama utosini, nao hawakuchoka.

"Sawa," koplo akasema, akilionyesha lori. "Mumuweke mu kamio. Atasemea mbele, mu muji."

Mji. Mwiko ukamdondoka Spéciose. Alichukua kikombe chake cha bati, kile cha kuonjea, akapita katikati ya watu mpaka kwenye matete. Aliwasukuma samaki kwa mkono, akateka, akarudi na maji yakichuruzika hadi kiwikoni. Asifikiri mtu kwamba alikuwa na uhakika. Alijua utupa haumdhuru anayekula samaki. Kuhusu maji yenyewe hakuwahi kuambiwa, na alikumbuka mama yake akiwafukuza ng'ombe wasinywe kijito kile. Alifumba macho akanywa funda kubwa, kisha la pili. Yalikuwa na ladha ya matope na uozo. Alijipangusa, akamnyooshea konseye kikombe kwa mikono miwili.

"Bwana konseye, karibu. Nimeisha onja."

Miaka kumi Jean-Berchmans alikuwa akinywa kutoka mikono ile, kwa furaha na kwa msiba, kwa fedha na kwa mkopo. Alikitazama kikombe. Halafu taratibu akaiweka mikono yake nyuma ya mgongo.

"Weka chini, Mama Christella."

"Nimeonja mbele yako!"

"Nimesema weka chini."

Spéciose hakuwahi kukataliwa kikombe maisha yake yote. Hata adui wa baba yake, hata watu wenye kesi ya mipaka, walipoonjewa walikunywa, wakaendelea kuchukiana baadaye. Spéciose aliduwaa na mikono yake imenyooka hewani. Alielewa kwamba kitu kilichokuwa kikiwazuia watu hawa wasiumane kilikuwa kimekatika wiki ile, na kwamba kuonja hakungemwokoa mtu tena.

"Bibi yake akikunywa itatuambia nini?" koplo akasema. "Pengine ameisha meza dawa. Mupandishe huyo!"

Askari wawili wakamwinua Cyriaque kwa makwapa. Tangu asubuhi hakuwa amemtazama mkewe, ili wasimguse. Sasa akageuza shingo. Macho yake yalikuwa laini, na hilo ndilo lililomchoma Spéciose kuliko yote, kwa kuwa aliona mumewe anadhani ana mke jasiri asiye na hatia.

"Mama Christella, rudi ku nyumba," alisema. "Usikunywe tena ile maji."

"Mumushushe!" Spéciose alipiga kelele. "Mumushushe, ni mimi! Samaki, ni mimi nimeziua!"

Koplo akageuka polepole. Vijana wenye marungu wakasogea. Lakini sasa breki za ulimi wa Spéciose zilikuwa zimeachia na hakukuwa na wa kumnyamazisha.

"Si sumu! Ni utupa, ile ya fuko! Nani hapa hana utupa mu shamba yake, anyooshe mukono! Niliweka Jamosi, nikatoa samaki kwa sherehe ya patron Valens, ingine zikazama, sasa zimeoza zimepanda. Mume wangu hajue kitu. Alikuwa Sonatubes. Na ninyi wote mulikula! Bwana konseye, ulikula tatu. Kichwa uliomba cha ya ine!"

Uso wa konseye ukawa wa majivu. Mkono uliokuwa nyuma ya mgongo ukaja mbele, ukatua tumboni. Akalipapasa tumbo lile kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, na bibi mmoja mzee, Nyiramana, akacheka. Hakukusudia, kicheko kilimponyoka tu. Wa pili akadakia, mpaka vijana wenye marungu wakawa wanatazama chini wakiuma midomo.

Koplo hakucheka. "Nani mwingine alikula?"

Mikono ikainuka, mmoja mmoja, kwa wasiwasi. Mmoja ulikuwa wa askari wake mwenyewe, kijana aliyemsindikiza ofisa mmoja kwenye sherehe Jumapili ile.

"Weye? Ulikula? Uligonjwa?"

"Hapana, mon caporal." Askari akameza mate. "Zilikuwa tamu."

Koplo akamwendea Spéciose, akamzaba kofi moja lililomkalisha chini na kikombe chake kikaruka.

"Hiyo ni ya watoto ya Kanombe," akasema. Akawageukia askari. "Mufungue huyo mwanaume. Weye, fungua maji, mbio!"

Cyriaque alisimama akiyumba. Jicho moja lilikuwa limefumba. "Siwezi," akasema. "Kwanza samaki zote zitoke. Kichujio isafishwe. Nyuma ya hapo nitafungua."

Naapa kila mtu alidhani sasa ndipo atapigwa risasi. Koplo alimtazama mtu yule mwembamba anayechuruzika damu akimtolea masharti, akalitazama na gurudumu la koki ambalo hakuna mwingine aliyejua kulizungusha, akatukana kwa Kifaransa. Dakika chache baadaye vijana waliokuja na marungu walikuwa wameingia majini hadi kiunoni, wakivua samaki waliooza kwa makapu ya Spéciose, wakitema mate. Konseye aliondoka bila kumuaga mtu, mkono ungali tumboni.

Ilikuwa alasiri lori lilipoteremka na mlima ukabaki mtupu. Cyriaque alikwenda kwenye koki, lakini vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, havikushika. Spéciose akaja akaweka mikono yake kando ya mikono ya mumewe. Wakasukuma pamoja, gurudumu likalia, likakubali, na chini ya miguu yao bomba likaanza kunguruma. Cyriaque alisikiliza mpaka mngurumo ukatulia. Hakuuliza lolote kuhusu utupa. Hakumtaja mchuuzi wa Muhazi.

"Toka asubuhi ulikuwa unajua?"

Uongo ulikuja wenyewe, tayari tayari, umepikwa: kwamba alikumbuka walipotaja mji, kwamba kabla ya hapo hata yeye alichanganyikiwa. Cyriaque angeuamini. Alikuwa mtu wa kuamini.

"Nilijua," Spéciose akasema. "Toka niliona samaki wa kwanza."

"Wakati walikuwa wananipiga."

"Ndiyo."

"Ulikuwa pale ku kibanda."

"Nilikuwa pale, Baba Christella."

Cyriaque alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeelekezwa njia ambayo hakutaka kuipita. Akaanza kuteremka ukutani kuelekea nyumbani, akichechemea. Spéciose akamfuata, akamkimbilia, akataka kumshika mkono ule uliochunwa na kamba. Cyriaque aliuchomoa. Walitembea hatua kadhaa hivyo, yeye mbele, mke nyuma, maji yakivuma kwenda mjini. Kisha, bila kumtazama, akamnyooshea mkono ule mwingine.